Skana haikuona kitu. Tukate?

Ghorofa ya tatu, jengo la Kariakoo, saa nane mchana, joto la kufa mtu na feni haizunguki. Fomeni kashachora duara la chaki sakafuni, hapo tunataka kutoboa slabu tundu la bomba la choo, mashine ya koringi, ile ya kukata zege kwa biti ya duara, imeshafungwa kwenye stendi yake, maji yapo kwenye ndoo, na mwenye mali kasimama mlangoni anaongea na simu ila macho yote kwangu. Mi nimepiga magoti na skana natafuta paipu za umeme zilizofukiwa kwenye zege, nimepita kulia kushoto, nimepita juu chini, na kwenye kioo naona nondo tu zimepangana vizuri. Pembeni kidogo ya duara, kati ya nondo mbili, kuna kaupinde kepesi kametokea kwenye mstari mmoja, halafu mstari unaofuata hakapo.

"Safi au sio safi?" fomeni akauliza.

Nikanyamaza.

Jibu la mashine nilikuwa nalo, mashine ilisema safi. Kilichoninyamazisha ni ile feni. Umeme ulikatika tangu asubuhi jengo zima, na ile sehemu ya skana inayonusa umeme ilikuwa inanusa slabu isiyokuwa na umeme. Sasa hapo "haikuona kitu" maana yake nini? Kwamba kitu hakipo, au kwamba kitu kimelala tu kinasubiri umeme urudi saa kumi?

Hilo swali limenisumbua wiki kadhaa, ndo maana naliandika, labda likishuka kwenye maandishi litaniacha nilale.

Paipu inaingiaje humo

Wengi tunaofanya hizi kazi tunaanza kufikiria paipu za umeme siku ya kukata. Mi siku hizi naanza kufikiria jioni ile kabla ya zege kumwagwa.

Nondo za chini zimeshafungwa, za juu zinamaliziwa, mkandarasi anapiga kelele kwamba kesho saa kumi na mbili mikseta inawasha. Fundi umeme anaruhusiwa apande. Ana paipu zake za PVC, milimita 20 au 25, ana maboksi ya taa, ana misumari na binding waya, na ana masaa machache. Na kumbuka huyu mtu analipwa kwa pointi, halipwi kwa mita. Taa moja pointi moja, soketi moja pointi moja. Sasa mtu anayelipwa kwa pointi, paipu kaleta mwenyewe, jua linazama, atapita wapi? Atapita njia ya mkato. Kutoka boksi hadi boksi, mshazari, chini ya nondo za juu na juu ya nondo za chini, anafunga pale panapofungika anasonga mbele.

Mchoro wa injinia hausaidii sana hapa, na hili watu wa nje hawalijui. Ule mstari unaopinda kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa kwenye mchoro wa umeme haukuonyeshi njia ya paipu, unakuonyesha tu kwamba swichi hii inawasha taa ile. Njia anaichagua fundi palepale juu ya nondo akiwa na njaa.

Halafu asubuhi zege linaingia. Watu na magumbuti wanakanyaga paipu, toroli zinapita, vaibreta inatikisa kila kitu, paipu iliyokuwa sentimita 6 kutoka juu inajikuta sentimita 4 au sentimita 9. Paipu nyepesi imejaa hewa, ikikosa kufungwa vizuri inaelea. Kufikia mchana zege limekauka usoni na hakuna binadamu yeyote duniani anayejua paipu zile ziko wapi hasa, akiwemo aliyezilaza.

Ukutani angalau kuna utaratibu. Kanuni za Kiingereza, BS 7671, ambazo mafundi wetu wengi wamefundishwa kwa kuzifuata, zinasema waya uliofukiwa chini ya milimita 50 upite kwenye maeneo yanayotabirika: wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi, au ndani ya milimita 150 kutoka kwenye kona au juu ya ukuta, ukienda kinyume na hapo uukinge. Kwa hiyo ukiona soketi unajua juu yake na chini yake usiguse. Kwenye slabu hakuna kitu kama hicho. Ni pori.

Mashine tatu, upofu wa aina tatu

Sitaki kuwachosha na vipimo ila hapa lazima nikae kidogo maana ndo penye utata wote.

Kuna mashine za sumaku. Hizi zinatafuta chuma, na kwa nondo ni nzuri ajabu, zinakwambia mpaka unene. Paipu ya PVC isiyo na kitu kwao ni hewa tu. Ukitumia hiyo peke yake kutafuta paipu za umeme umetafuta nondo, basi.

Kuna za kunusa umeme. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde na hizi zinasikiliza huo mtetemo. Lakini ule usumaku unatokea pale mkondo unapopita, yaani kuna mtu kawasha kitu. Waya wenye umeme ila hakuna kinachotumika hautoi usumaku wa kusikika. Kuna uwanda wa volti pia, huo upo hata kama hakuna kilichowashwa, sema zege lenye unyevu na nondo zilizogusana na ardhi zinauziba. Na hata mkondo ukipita, feizi na nyutro zimelala pamoja kwenye paipu moja, moja inakwenda nyingine inarudi, zinafutana karibu zote. Kinachobaki ni mabaki, ndo hayo mabaki tunayoyatafuta. Na siku umeme umekatika, hakuna hata mabaki.

Halafu kuna rada. Hii ndo mfalme na ndo ghali, skana ya rada ya maana bei yake unapata IST na chenji inabaki. Inarusha mawimbi ndani ya zege, yakikutana na kitu tofauti yanarudi, mashine inapima yamechukua muda gani. Teknolojia yenyewe ni ya kuheshimika, Apollo 17 walikwenda na rada ya namna hii mwaka 1972 wakachungulia chini ya uso wa mwezi. Ndani ya zege mawimbi yanakwenda karibu sentimita 10 kwa kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde, hivyo kwa slabu ya sentimita 15 kwenda na kurudi ni kama sehemu tatu za hizo. Mashine inapima hicho kitu sisi tukiwa tunakunywa soda.

Sasa utamu uko hapa. Ule mwendo wa sentimita 10 sio wa kudumu. Zege kavu mawimbi yanakimbia, zege lenye maji yanatembea. Kila zege lina namba yake ya umeme, inayosema linapunguza mwendo wa mawimbi kiasi gani, kavu kama 6, lenye unyevu 9 au zaidi, na wewe ndo unaiambia mashine namba gani itumie. Ukiiambia 6 na zege kwa kweli ni 9, kitu kilichoko sentimita 8 kioo kitaandika karibu 10. Umeelewa uzito wake? Mashine inakosea kwa upande mbaya. Inakwambia kitu kiko mbali kuliko kilivyo. Jamaa anakuja na drili yake kufunga bolti za rafu, anasema mi natoboa sentimita 9 tu, paipu iko 10, niko salama. Hayuko salama.

Na sisi wa pwani unyevu tunaujua. Bafuni, jikoni, kwenye slabu ya juu iliyovuja msimu mzima wa masika, zege la wiki tatu ambalo bado bichi, huko mawimbi yanamezwa. Chumvi ikiwemo ndo kabisa. Kioo kinakuwa cheusi kuanzia katikati kwenda chini na mtu asiyejua anaona weusi anasema "hamna kitu".

Paipu ya PVC tupu inarudisha mawimbi, sio kwamba hairudishi, maana ndani yake kuna hewa na hewa na zege ni tofauti kabisa. Ila inarudisha kidogo. Kwa antena ya gigahezi 2 wimbi moja ndani ya zege ni kama sentimita 5, na paipu yetu ni sentimita 2, haifiki nusu. Ikipita waya wa shaba ndani inajitokeza zaidi. Nondo inapiga kelele, paipu inanong'ona.

Fundi msafi ndo anaficha vizuri

Hapa ndo nilipogeuka kichwa.

Kwa miaka nimekuwa na imani kwamba jengo lililofanywa na mafundi wazuri ni rahisi kuskani na jengo la ovyoovyo ni gumu. Inaingia akilini, si ndio? Usafi mahali pamoja unaleta usafi mahali pengine.

Kumbe kinyume.

Angalia. Ukiskani kwa gridi, mistari sambamba kila sentimita 5 au 10, kila mstari unakata nondo mahali palepale. Nondo ziko kila sentimita 15 au 20, zinajirudia, jicho linazizoea. Paipu ya yule fundi wa haraka aliyepita mshazari, kwenye mstari wa kwanza iko hapa, wa pili imesogea, wa tatu imesogea tena. Inatembea. Kitu kinachotembea kati ya vitu vilivyosimama unakiona hata ukiwa na usingizi.

Sasa chukua fundi msafi, mwenye nidhamu, anayependa kazi yake. Yeye hapiti mshazari. Yeye analaza paipu sambamba na nondo, anaifunga na binding waya kwenye nondo yenyewe kila nusu mita ili vaibreta isiisogeze. Kazi safi, injinia akipita anampa mkono. Na rada ikipita juu inaona nondo. Nondo ndo inarudisha kila kitu, na paipu iko ubavuni mwake au chini yake, kwenye kivuli. Ni kama kumtafuta mtoto aliyejibana nyuma ya mgomba, unauona mgomba vizuri sana.

Sasa rudi kwenye kile kioo changu cha Kariakoo. Nondo zimenyooka, nafasi zinalingana sentimita kwa sentimita. Jengo limefanywa na watu makini. Asubuhi hilo lilikuwa linanipa amani, saa nane lile lile likawa ndo linaninyima.

Nikamwambia fomeni tusubiri. Akaniangalia jicho la mtu anayelipia mashine kwa siku.

Mzee wa ghorofa ya pili

Pale jengoni alikuwepo mzee mmoja fundi umeme, hakuwa na kazi na sisi, alikuja kurekebisha swichi za mpangaji wa ghorofa ya pili na umeme ulipokatika akawa amekaa ngazini anapunga upepo na kipande cha boksi. Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba, nikakaa nae. Nikamweleza. Hakuuliza skana yangu ni ya kampuni gani wala inaona kina gani.

Akauliza, "Chini ya hapo mnapotaka kukata kuna taa?"

Nikamwambia ipo, kama mita moja na nusu pembeni.

"Sasa mwanangu unaangalia juu kutafuta nini? Paipu ya slabu ya kwenu sio ya kwenu. Ni ya huku chini."

Nilijua hilo. Kila fundi analijua, slabu ya ghorofa ya tatu ndo dari ya ghorofa ya pili, paipu zilizolazwa mle zinakwenda kwenye taa za watu wa chini. Ila kuna kujua na kuna kuambiwa na mtu anayenyanyuka palepale anafuta suruali vumbi.

Tukaenda chini. Mpangaji akatufungulia stoo, mzee akasema kwanza breka ishuke na mtu asimame pale pale kwenye DB, lile boksi la breka, asiondoke hata akiitwa na mkewe, akapima na testa, akapima tena, akafungua taa. Ndani ya boksi kulikuwa na midomo mitatu ya paipu. Mmoja unakwenda kwenye swichi, mmoja kwenye taa nyingine, wa tatu umeelekea upande wetu. Kwa kidole tu, kwa kuangalia mdomo wa boksi umeangalia wapi, tayari tulikuwa na habari ambayo mashine ya mamilioni haikuwa nayo.

Mi nikaleta kile kifaa cha kurushia sauti. Tukasukuma waya wa chuma wa kuvutia ndani ya ule mdomo wa tatu, ukaingia taratibu, ukapita waya zilizokuwemo, ukaendelea. Mwisho wake tukaufunga kwenye transmita, kilohezi 33, mi nikapanda juu na risiva. Nondo zinavuruga kidogo lakini sauti ikaja, nikaifuata na chaki kuanzia usawa wa taa. Ilinyooka sambamba na nondo. Ilipita ubavuni mwa nondo ile ile ambayo nilikuwa nimeichora kama mpaka wangu salama, ikaingia kwenye ukingo wa duara.

Kile kaupinde kepesi hakikuwa paipu kabisa. Sijui kilikuwa nini, labda kokoto kubwa, labda kiputo cha hewa, labda kipande cha mbao. Yaani mashine ilinionyesha kisichokuwepo ikaficha kilichokuwepo, na vyote viwili kwa uaminifu kabisa.

Tundu likasogezwa upande wa pili, bomba la choo likaongezwa kiwiko kimoja. Mzee akanywa soda akarudi ngazini kwake.

"Si mmezima?"

Kuna watu watasema haya yote ya nini, zima umeme ukate, ukikata paipu utaunga. Mwenye mali alisema hivyohivyo.

Kwanza, uzime wapi? Majengo yetu ya mjini kila mpangaji ana Luku yake. Kwenye korido ya chini kuna ukuta mzima wa mita, nyingine zina majina, nyingine zina majina ya watu walioshahama. Ukizima yako umezima yako. Paipu ya sakafuni kwako ni ya jirani, na jirani kafunga duka kaenda Guangzhou kuleta mzigo.

Pili, jenereta. Jengo lenye swichi inayojibadilisha yenyewe, umeme ukikatika sekunde chache jenereta inaamka. Halafu kuna wenye inveta na betri, kompyuta zao haziruki hata. Wewe uko na maji na chuma kinachozunguka, ukiamini kwamba giza maana yake usalama. Giza linakwambia tu kwamba balbu haijawaka.

Tatu, sio kila waya unalindwa na ile breka ndogo. Ule unaopanda kutoka mita kwenda kwenye DB zako uko nyuma ya breka zako zote na nyuma ya ile ya milliampia 30, inayokata umeme ukivuja, inayookoa maisha. Biti ya almasi ikikutana na waya huo, kinachosubiri huko chini ni fyuzi kubwa, na mpaka ikatike pale juu pameshawaka mwanga ambao hutaki kuuona kwa macho yako.

Na hata pasipotokea mlipuko kuna uharibifu wa kimya. Maji ya koringi yanaingia kwenye paipu iliyokatwa, yanatafuta chini, yanatokea kwenye taa ya mtu wa ghorofa ya pili. Mtu amekaa anakula wali wake taa inaanza kudondosha uji wa saruji. Ule uji ukigandia kwenye paipu ndo basi, hapavutwi waya tena humo milele, mtatembeza tranki, zile njia za waya za nje ya ukuta, kama adhabu.

Karatasi inasemaje

Mteja anataka karatasi. Ni haki yake, kalipa. Anataka karatasi yenye mhuri inayosema sehemu hii haina kitu, aiweke kwenye faili, likitokea la kutokea aniite mimi.

Hapa ndo kidonda chenyewe. Kwa sababu hata baada ya Kariakoo, hata nikifanya yote, rada pande mbili, sauti kwenye paipu, kufungua maboksi chini, siwezi kusema haina kitu. Naweza kusema nimeangalia vipi, mpaka kina gani, umeme ukiwa umewaka au umezima, zege likiwa na hali gani, na katika hali hiyo nimeona hiki na hiki. Siku hizi ndo naandika hivyo. Naandika mpaka maeneo ambayo kioo kilikuwa cheusi, nayapaka mistari mekundu: hapa sikuona. Sio kwamba hamna, sikuona.

Wateja hawapendi. Mmoja alinirudishia, akasema hii ni karatasi ya wakili sio ya fundi, jamaa mwingine anamuandikia "safi" mstari mmoja na bei nusu. Na ukweli ni kwamba yule jamaa mwingine kazi zake nyingi zinaisha salama, maana slabu ni kubwa na paipu ni nyembamba, ukifumba macho ukatoboa mara nyingi utakosa. Hilo ndo linalonichanganya. Bahati inafanana sana na utaalamu ukiitazama kutoka mlangoni.

Nimejiuliza kama ninajilinda mwenyewe kwa gharama ya mteja. Inawezekana ipo kidogo. Lakini yule anayeshika mashine ya koringi hasomi karatasi, anaangalia rangi sakafuni. Kijani anakata, nyekundu hakati. Ndo nikaamua kijani nikiweke kwa ubahili, na katikati niweke rangi ya tatu, ya njano, ambayo maana yake usikate na mashine, shuka kwanza na tindo na nyundo kwa mkono, sentimita mbili mbili, mpaka uone. Fomeni wote wanaichukia njano. Inachelewesha. Nimegombana na wawili.

Simu yako ina kamera

Nilikwenda Kibaha kwenye nyumba ya binamu, wanamwaga slabu kesho yake. Nikafika na futi na simu. Fundi umeme akadhani nimekuja kumkagua, akaanza kunieleza habari za wairing ambazo sikumuuliza. Nikamwambia endelea mkuu, mi napiga picha tu.

Picha yenye futi ndani yake. Hilo ndo la msingi, picha bila futi ni kumbukumbu ya harusi tu. Na futi ianzie kwenye nguzo, sio kwenye mbao za fomuweki, maana mbao zitang'oka wiki ijayo na nguzo itabaki. Piga kutoka juu wima, sio kwa upembeni, chumba kwa chumba, andika jina la chumba kwenye kipande cha boksi ukiweke kwenye picha. Halafu usiiache WhatsApp, simu ikiibiwa imekwenda na slabu yako. Binamu nilimwambia azisafishe karatasi kubwa aziweke na hati ya kiwanja.

Haimalizi tatizo, zege litasogeza paipu kidogo. Lakini kati ya kutafuta kwenye chumba kizima na kutafuta kwenye ukanda wa sentimita 20, mi niko tayari kubebana na hizo 20.

Kinachoniuma, kila mtu kwenye saiti ile alikuwa na simu yenye kamera nzuri kuliko yangu, na siku nzima walikuwa wanapiga picha. Za wao wenyewe, wamesimama juu ya paipu.

Na jua je?

Mambo yote hapo juu yalikuwa ya umeme unaotetemeka mara 50. Sasa hivi kila slabu ya juu inapandishwa paneli za sola, na nimeanza kukuta paipu za sola zimefukiwa zikishuka kwenda kwenye inveta. Ule ni umeme ulionyooka, hautetemeki, mashine ya kunusa haisikii chochote hata ukiwa umejaa. Paneli kumi zimeungwa kwa mstari, kila moja ina kama volti 40, hapo una 400. Breka za chini hazina habari nayo. Na ule wa kawaida ukitoa cheche, mkondo unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. Wa sola haupiti sifuri, ukianza kuwaka unaendelea kuwaka.

Zaidi ya hapo, kuna swichi ya kuzima upande wa inveta, lakini kipande kutoka kwenye paneli mpaka kwenye swichi kina moto muda wote ambao jua lipo. Kijana wangu alipendekeza tufunike paneli na turubai. Tukajaribu, turubai la buluu, nikapima, volti zimeshuka kidogo sana, maana paneli ikipata hata mwanga hafifu inapunguza mkondo lakini volti inang'ang'ania. Mita haikujali kabisa kwamba tumehangaika kupandisha turubai.

Kwa hiyo kwa sasa, kwenye slabu yenye paipu za sola ambazo sijui zinapita wapi, tunatenganisha betri na inveta mchana, tunapima, halafu tunakata baada ya isha. Majirani wanalalamika kelele, mwenye nyumba ananiuliza kwa nini fundi anakuja usiku kama mwizi, na bei ya usiku ni juu kidogo. Kama kuna mtu Mombasa, Nairobi au popote ana njia nyingine iliyo bora, naomba aniandikie, kwa sababu Jumamosi nina nyingine Mbezi na mtaa wenyewe una mtoto mchanga nyumba ya pili.